Hiyo picha ya "mnanaa pori" siyo ya makorongo yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji niongelee ile picha ya mnanaa pori inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Moshi na Arusha, najua na nyie mmeshafowadiwa maana sijakutana na mtu ambaye bado, ile yenye kichaka cha rangi ya majivu kimeota kwenye mchanga mwekundu na nyuma yake ukuta wa mwamba, alafu chini imeandikwa huu ni mnanaa wa asili wa makorongo makavu ya Kahe na Makuyuni, unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, unga wake kijiko asubuhi na jioni, namba ya simu hiyo hapo. Makuyuni yenyewe hajasema ni ya Himo au ya Monduli, lakini tuachane na hilo.

Mimi nina kitalu cha miche hapa Moshi, naotesha miti ya matunda, maua, na upande mmoja nina viungo: mnanaa, rehani, rozimari, mchaichai, vivumbasi. Kwahiyo hiyo picha imekuwa mzigo wangu. Mteja anashuka kwenye bodaboda hata salamu haijaisha ameshanyoosha simu, mama huu mnao? Nikimwambia huu haupo kwangu na haupo Kahe wala Makuyuni yoyote ile, ananiangalia kama namficha vile, kwamba nimeuficha nyuma ya banda niuze bei ya juu. Ndo maana nimeona niandike huku, gazeti linafika hadi kwa wale wasionijua.

Huo mmea wa kwenye picha ni wa Marekani. Jina lake la kitaalamu ni Poliomintha incana, na kwao ni kule kwenye mabonde ya mchanga na makorongo ya Utah, Arizona, New Mexico hadi Texas, hasa kwenye nyanda za juu za Colorado, maeneo ya hifadhi kama Arches na Canyonlands ambako mawe ni mekundu hivyo hivyo kama kwenye picha. Jina hilo la sasa ulipewa na Asa Gray mwaka 1870, yule mtaalamu wa mimea wa Marekani. Wenyeji wa huko, Wahopi, wanaujua toka zamani, majani wanakula mabichi au ya kuchemsha na maua wanatia kwenye chakula kama kiungo. Sasa sehemu yenyewe ina mvua kidogo sana, na miezi ya Desemba na Januari usiku kunaganda kabisa, theluji inaanguka juu ya mchanga. Kahe kuna joto la kupasua nazi. Mmea wa pale kuja kuota wenyewe huku bila mtu kuuleta haiwezekani, na mtu wa kuuleta atauleta ili iweje.

Watu wananiuliza umejuaje, una mashine? Sina mashine, nina macho na kikioo cha kukuzia cha bei ndogo kama kile cha fundi saa. Na hapa ndo napotaka kukaa kidogo Mhariri, kwasababu watu wengi wakishashika shina wakaona lina pembe nne wanapiga kelele mnanaa huo! Pembe nne ni mwanzo tu. Ni kweli familia ya mnanaa, ambayo ina aina kama 7,000 duniani, wengi wao shina lina pembe nne na majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, jozi ya juu inakaa msalaba na ya chini yake. Lakini lantana nayo, ile ya kwenye fensi yenye maua ya njano na pinki, shina lake lina pembe nne, majani yanatazamana, na ukiyafikicha yananuka, na wala siyo familia hiyo. Ng'ombe akila lantana ya kutosha ini linaharibika na ngozi inachubuka akikaa juani, muulize daktari wa mifugo yeyote. Tofauti unaiona kwenye matunda: lantana ina vijitunda vyenye nyama vinavyoiva vikawa vyeusi, watoto wanavifahamu. Familia ya mnanaa haina tunda la nyama la namna hiyo kwenye hivi vichaka vidogo tunavyoviongelea, ukifungua kile kikombe cha kijani kilichobaki baada ya ua kudondoka unakuta vimbegu vikavu vinne vimekaa pamoja chini kabisa. Vinne, hata kama vingine vimedumaa.

Baada ya hapo nenda kwenye ua lenyewe. Ua la familia hii kwa kawaida lina midomo miwili, wa juu na wa chini, na ndani kuna vile vijiti vyembamba vyenye unga wa chavua kichwani. Hivyo vijiti ndo vinasema ukweli wote. Kivumbasi na rehani, na jamii yao yote, vina vijiti vinne na vimelala chini, vimelalia mdomo wa chini wa ua kama mtu kalala kifudifudi, ukishaviona mara moja huvisahau. Mnanaa wenyewe wa chai una vinne pia lakini vimesimama wima vimeachana, na ua lake ni dogo halina midomo ya kueleweka, limegawanyika sehemu nne karibu sawa. Ule wa kwenye picha ukiivuta hiyo picha ukubwa (kuna aliyeniletea isiyokuwa na ukungu, namshukuru) una vijiti viwili tu, vipo juu chini ya mdomo wa juu, na ua ni jeupe la kuelekea zambarau lenye vidoti vya zambarau. Vijiti viwili, juu. Kwa hilo peke yake tayari siyo kivumbasi cha aina yoyote.

Mwingine aliyesoma kidogo ataniambia mbona hata rozimari ina vijiti viwili. Ni kweli, na majani membamba ya huo mmea yanafanana na ya rozimari kwa mbali, ndo maana baadhi ya watu walianza kuja kukata matawi kwenye fensi za rozimari za mahoteli usiku, wenye hoteli wasije kwangu sijui ni nani. Lakini jani la rozimari juu ni kijani kibichi linang'aa na chini ndo jeupe, na kingo zake zimejikunja kwenda chini. Huu wa Utah una rangi ya fedha pande zote mbili, umejaa vinywele vyeupe laini vya kuzuia jua lisiukaushe, na vijiti vyake havitoki nje ya ua sana kama vya rozimari. Kimo unafika kama mita moja. Huko kwao wenyewe wanauchanganya na mimea mingine ya majivu majivu inayoota pamoja nao kwenye mchanga, kuna mmoja wa jamii ya pakanga, Artemisia filifolia, nao una rangi hiyo hiyo na harufu kali, lakini huo majani yake ni kama nyuzi na hayatazamani, yanatoka moja moja kwa kupishana. Kwahiyo hata kwao ukiangalia rangi na harufu peke yake unapotea.

Harufu sasa. Harufu ndo inawadanganya watu kuliko kitu chochote. Vivumbasi vyetu havina harufu moja. Kile kikubwa kinachofika kimo cha mtu, Ocimum gratissimum, kinanuka karafuu kwasababu mafuta yake mara nyingi yana kitu kile kile kilichomo kwenye karafuu. Kile chenye majani yenye vinywele ambacho jina lake la kitaalamu limebeba mlima wetu, Ocimum kilimandscharicum, kinanuka karafuu maiti, ukikinusa na mafua pua inafunguka. Kile kidogo cha mchangani, cha kwenye makorongo na pembeni mwa mashamba ya tambarare, Ocimum americanum, unaweza ukakuta kimoja kinanuka limau na kingine hakinuki limau kabisa na wote ni ndugu wa tumbo moja. Mimea hii inabadilisha mafuta yake, aina ile ile inaweza kuwa na harufu tofauti sehemu na sehemu. Mtu akikwambia nimeutambua kwa kunusa, mwambie asante, sasa tuone ua.

Ukitaka kujua kama ulichoshika ni jamii ya kivumbasi na maua yameshaisha, bado kuna njia mbili, na hizi nawafundishaga vijana wangu pale kitaluni. Ya kwanza angalia kikombe kilichobaki. Vivumbasi kikombe chake kinainamia chini na kina kipande kimoja cha juu kikubwa cha mviringo, kama ngao, vingine vya pembeni ni vimeno tu. Ya pili chukua mbegu uzitie kwenye maji, mbegu za rehani na za kile kivumbasi kidogo zinavimba na kuvaa ute baada ya dakika chache. Hii ya pili usiitegemee peke yake maana kuna mbegu za mimea mingine kibao nazo zinatoa ute, ila kwa pamoja na ngao unakuwa umefika.

Alafu kuna hili neno mnanaa lenyewe lilivyowekwa pale na makorongo makavu. Mnanaa wa kweli unapenda maji jamani. Ukiuona umeota wenyewe huku kwetu utauona kwenye mifereji, pembeni ya vijito, kwenye tope. Mimi hapa kitaluni nikisahau kumwagilia mnanaa siku mbili za Februari unalala chini wakati kivumbasi jirani yake hakina habari. Kwahiyo anayekwambia ameuchuma korongoni ambako maji yanapita wiki chache za masika alafu mwaka mzima ni mchanga, hajachuma mnanaa, kachuma kitu kingine cha familia hiyo au hata siyo cha familia hiyo. Na vipo vya kuchuma, sisemi hakuna. Makorongo yetu yana vivumbasi, yana ile yenye mipira ya maua ya rangi ya machungwa iliyotungwa kwenye shina refu ambayo ndege chozi anaipenda sana, Leonotis, yana vingine vingi vya maua meupe madogo ambavyo watu wanavipita tu. Inaniumaga kwamba sisi Wachaga tunajua sale, lile jani la kuombea msamaha, likiletwa mlangoni lina ujumbe gani, tunajua migomba kwa majina yake yote, lakini tukishuka porini tambarare kila kinachonukia tunakiita jina moja.

Vijana wananiambia mama weka kwenye apu, apu inajua. Nimeziona hizo apu na ni nzuri, sizipingi. Ila apu inajifunza kwa picha ilizolishwa, na picha za mimea ya Marekani na Ulaya zimejaa humo kuliko za Kahe au Mto wa Mbu, kwahiyo kijana anapiga picha jani moja la kivumbasi la kijivu, bila ua, mkono unatetemeka, apu inamletea jina la mmea wa Ulaya naye anaposti. Nadhani hata huyu wa unga alianzia hapo, alipata jina la familia akaenda kutafuta picha nzuri mtandaoni akachukua ya kwanza iliyompendeza. Sijui kama alikuwa na nia mbaya. Namba yake nilipiga, nikamuuliza majani yanatazamana au yanapishana, akakata simu.

Kinachonishangaza zaidi Mhariri ni kwamba watu wa Arusha na Moshi ndo wa mwisho Tanzania nzima kuruhusiwa kusema hatuna wa kumuuliza. Hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, ile wanayoiita herbaria, iko Arusha hapo hapo, kwenye ile iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ambayo siku hizi imeingizwa ndani ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Watu wanapita na daladala za Ngaramtoni kila siku hawajui kuna makabati yamejaa matawi makavu yaliyogundishwa kwenye karatasi, kila moja na jina, mahali lilipochumwa na tarehe. Na thamani ya hayo makabati tuielewe: mimea mingi ya huku ilichumwa na Wajerumani miaka ya 1800 mwishoni ikapelekwa Berlin, alafu mwezi wa 3 mwaka 1943 herbaria ya Berlin ikapigwa bomu, sehemu kubwa ikaungua, na matawi ya kwanza kabisa ya mimea ya mlima wetu mengi yakaenda na moto ule. Kazi ya kuandika vitabu vya mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda ilianza kutoa vitabu 1952 na ikamalizika 2012, miaka 60, na sehemu ya familia hii ya mnanaa ilitoka 2009. Kwahiyo majibu yapo. Yameandikwa kwa Kiingereza kigumu na Kilatini ndani yake, ndo tatizo, lakini yapo.

Namna ya kupeleka mmea utambuliwe ni rahisi na inatumia gazeti, kwahiyo nyie mna faida. Kata tawi lenye majani, maua, na kama unaweza na vikombe vilivyokwisha zaa mbegu. Usilete jani moja, usilete unga. Lilaze kati ya karatasi za gazeti likiwa limenyooka, jani moja ligeuze chini juu ili pande zote zionekane, weka uzito juu, kila siku badilisha gazeti mpaka likauke. Andika pembeni umelichuma wapi, lini, mchangani au kwenye mawe, kimo chake, rangi ya ua na harufu, kwasababu rangi na harufu vitapotea likikauka na anayelitazama mwezi ujao hatovijua. Kama mmea ni mmoja tu hapo korongoni usiuchume, piga picha ya ua kwa karibu kutoka mbele na kutoka ubavuni, na picha ya shina, na ya kichaka kizima, uondoke.

Nasema hivyo kwasababu kuna jambo lingine limeanza na hili ndo limenifanya nishike kalamu kwa hasira. Tangu hiyo picha iingie, kuna vijana wanashuka huko tambarare na majembe wanang'oa vivumbasi na kila kichaka cha kijivu na mizizi yake, wanaanika, wanasaga, wanauza kwa jina hilo hilo la mnanaa pori. Kingo za makorongo ya mchanga zimeshikwa na hivyo hivyo vichaka na nyasi. Masika ikija maji yanakula ukingo na shamba la mtu linaondoka, na wa Kahe wanajua naongea nini. Kivumbasi ukikikata tawi juu kinachipua, haina haja ya kung'oa. Na wengine wanataka mbegu, mbegu mimi ninazo, za rehani na vivumbasi, bei ya kawaida.

Kuhusu kunywa huo unga siyo kazi yangu kusema unatibu au hautibu. Ninachokijua ni kwamba kitu kikishasagwa hakuna mtu anayeweza kukitazama kwa macho akakwambia ni nini, siyo mimi wala mtaalamu wa Ngaramtoni kwa kikioo chake, vijiti vimekwenda, kikombe kimekwenda. Ndani ya familia hii hii ya mnanaa kuna ambayo mafuta yake yana sumu ya kuharibu ini, kuna aina ya mnanaa wa Ulaya inajulikana kwa hilo toka zamani, na karafuu maiti ikiingia tumboni mwa mtoto inaweza kumtia degedege. Kivumbasi cha kufukuzia mbu tunakijua wote, kuna utafiti ulichapishwa 2008 kuhusu mimea ya kufukuza mbu kaskazini mashariki mwa Tanzania na vivumbasi hivi vilikuwemo, sasa kuchoma moshi wa kufukuza mbu na kumpa bibi mwenye sukari vijiko viwili kwa siku ni vitu viwili tofauti. Mwenye dawa za hospitali asiziache kwasababu ya picha.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkija kuandika habari yoyote ya mmea wa porini, iwe ni mimi nimeleta au nani, wekeni picha ya ua kwa karibu na muandike imepigwa wapi na lini, na kama aliyeileta hawezi kusema imepigwa wapi msiiweke. Na kwa yule ndugu wa unga, kama anasoma hapa, aje kitaluni na tawi moja lenye ua la huo mmea anaousaga, hata kama limenyauka, nitalitazama bure mbele ya wateja wake.

Wenu,
Mama wa kitalu, Moshi